Falsafa ya Maumbile ya Wagiriki wa Kale na Mwanzo wa Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, ni kweli sayansi ilianzia Ugiriki?

Inategemea unaita nini sayansi. Ukimaanisha kupima ardhi, kukokotoa na kuandika mienendo ya sayari usiku baada ya usiku, Wababeli na Wamisri waliwatangulia Wagiriki kwa mbali sana. Mafunjo ya hesabu ya mwandishi Ahmose wa Misri ni ya takriban 1550 KK, zaidi ya miaka mia tisa kabla Thales wa Miletus, anayehesabiwa kuwa mwanafalsafa wa kwanza wa Kigiriki, hajazaliwa.

Kilichojitokeza Ionia, eneo la miji ya Kigiriki kwenye pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 6 KK ni jambo jingine. Mtu alisimama kwa jina lake mwenyewe akasema: ulimwengu umetokana na kitu fulani, na sababu zangu ni hizi. Kisha mtu wa pili, wa mji uleule, akampinga kwa sababu zake. Halafu wa tatu akawapinga wote wawili. Majibu yao karibu yote yalikuwa ya makosa. Ubishi wenyewe ndio uliobaki, na ndio ninaoutetea katika majibu yanayofuata.

"Falsafa ya maumbile" inahusu nini hasa?

Karibu kila kitu: nyota, radi, tetemeko la ardhi, homa, mbegu, samaki, usingizi. Mgawanyo wa fizikia, kemia na biolojia haukuwepo. Mtu yuleyule aliyeuliza mwezi unapata wapi mwanga aliuliza pia kwa nini nywele huwa na mvi.

Kwa nini ilianzia Miletus na si Athens?

Athens ilikuja baadaye. Miletus ulikuwa mji wa bandari wenye pesa, kwenye pwani ya Uturuki ya leo, ukiwa na makoloni kuzunguka Bahari Nyeusi na wafanyabiashara katika mji wa Naukratis huko Misri. Baharia aliyeona watu wa mataifa matano, kila taifa na hadithi yake ya uumbaji, huanza kujiuliza ni ipi ya kweli, au kama ipo ya kweli hata moja.

Biashara peke yake hainitoshelezi kama maelezo, kwa sababu Wafoinike walisafiri zaidi yao. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya kisiasa. Katika miji ya Kigiriki ya wakati ule sheria zilijadiliwa hadharani na kuandikwa mahali ambapo raia angeweza kuzisoma, na mzungumzaji alidaiwa hoja. Hapakuwa na tabaka la makuhani lenye haki ya kusema neno la mwisho. Watu waliozoea kudaiana hoja kuhusu sheria za mji walianza kudaiana hoja kuhusu anga. Waajemi waliuteketeza Miletus mwaka 494 KK, lakini kufikia hapo mazoea hayo yalikuwa yameshasambaa hadi kusini mwa Italia na Sisilia.

Thales alisema asili ya kila kitu ni maji. Mtu kama huyo anaitwaje baba wa sayansi?

Thales hakuacha maandishi. Tunachojua kinatoka kwa watu wa baadaye, hasa Aristotle, ambaye anakisia kwamba Thales aliona chakula cha viumbe vyote kina unyevu na mbegu zote zina unyevu. Si hoja ya kipuuzi. Maji ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa kawaida hukiona kikiwa barafu, kimiminika na mvuke.

Utamu wenyewe unakuja kwa waliomfuata. Thales alisema dunia inaelea juu ya maji. Sawa, na maji hayo yamekaa juu ya nini? Anaximander, mtu wa Miletus vilevile, akajibu kwa ujasiri ambao hadi leo unanishangaza: dunia haikukalia kitu chochote. Imetulia katikati kwa sababu iko umbali sawa na kila upande, hivyo haina sababu ya kwenda huku badala ya kule. Aliiwazia kama kipande cha nguzo ya mawe, upana wake mara tatu ya kimo. Umbo alikosea. Lakini kuiondoa dunia juu ya msingi wowote na kuiacha ikining'inia kwa hoja tupu, hilo hakuna aliyelifanya kabla yake kwa kadiri tunavyoweza kuona. Kuhusu maji pia alipinga: kama asili ni maji, moto ambao ni adui wa maji ungetokeaje? Kwa hiyo akasema asili ni kitu kisicho na mpaka wala sifa maalumu.

Anaximenes naye akaona hilo ni fumbo mno. Akarudi kwenye kitu kinachoshikika, hewa, ila akaongeza jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo: namna mabadiliko yanavyotokea. Hewa ikitawanyika huwa moto, ikibanwa huwa upepo, wingu, maji, udongo, mawe. Akatoa na ushahidi. Jaribu sasa hivi: pulizia kiganja chako mdomo ukiwa wazi, pumzi ni ya joto. Bana midomo upulize tena, ni ya baridi. Kwake hilo lilithibitisha kwamba kubanwa huleta baridi.

Miaka mingi baadaye maelezo hayo yalisahihishwa. Mwandishi Mgiriki Plutarch anaeleza kwamba kwa mujibu wa Aristotle, mdomo ukiwa wazi tunatoa joto la ndani ya mwili, na midomo ikibanwa tunasukuma hewa ya nje iliyo mbele yetu, ambayo ni baridi. Mtu anatoa dai, analitafutia ushahidi ambao yeyote anaweza kuurudia nyumbani, na mwingine anautumia ushahidi uleule kumwangusha.

Je, Thales alitabiri kupatwa kwa jua?

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema hivyo: Wamedi na Walidia walikuwa vitani, mchana ukageuka usiku, wakaacha kupigana, na Thales alikuwa ameutaja mwaka huo mapema. Wanafalaki wa leo hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa Mei 28, 585 KK. Utabiri wenyewe nauona kama sifa aliyobandikwa baadaye. Wababeli walikuwa na mzunguko wa miaka 18 na siku 11 unaosaidia sana kwa kupatwa kwa mwezi, lakini hautoshi kukuambia kama kupatwa kwa jua kutaonekana mahali fulani.

Nimesikia kwamba Wagiriki waliiba elimu yote kutoka Misri. Ni kweli?

Swali hili huja kwa hasira kutoka pande zote mbili, na hasira hiyo ina historia: kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya viliandika kana kwamba akili ilizaliwa Athens bila mama wala baba. Wagiriki wenyewe hawakusema hivyo. Herodotus aliandika kwamba jiometri ilitoka Misri, ambako ardhi ilipimwa upya baada ya mafuriko ya Nile. Aristotle alisema hisabati ilianzia Misri kwa sababu makuhani walikuwa na nafasi ya kutafakari. Na bila kumbukumbu za kupatwa kwa mwezi kutoka Babeli, Hipparchus wa karne ya 2 KK asingeweza kufanya kazi yake ya falaki.

Kukopa huko kumethibitika. Lakini dai la wizi, lililoenea tangu miaka ya 1950, linasema pia kwamba Aristotle alipora vitabu vyake katika maktaba ya Alexandria. Hesabu ya miaka inakataa. Aristotle alifariki 322 KK. Alexandria ilianzishwa 331 KK, na maktaba yake ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy baada ya yeye kufa. Ukitaka kuitetea Afrika katika historia ya sayansi, huna haja ya hoja dhaifu. Eratosthenes, ambaye tutamfikia, alizaliwa Cyrene, Libya ya leo, na kazi yake aliifanya Misri.

Wanafalsafa hawa walikuwa wapinga dini?

Wengi wao hapana. Walichopunguza ni kazi za miungu: radi haikuhitaji tena Zeus aliyekasirika. Xenophanes wa Colophon ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Alisema Waethiopia huchora miungu yao myeusi yenye pua bapa, na Wathrakia huchora yao yenye macho ya buluu na nywele nyekundu. Na farasi wangekuwa na mikono, wangechora miungu yenye sura ya farasi. Yeye mwenyewe aliamini mungu mmoja mkuu asiyefanana na binadamu. Huyohuyo alitaja makombe ya bahari yanayopatikana nchi kavu na milimani, na alama za samaki katika machimbo ya mawe ya Syracuse, akasema basi nchi hizi zamani zilifunikwa na matope ya bahari. Tunasoma visukuku kwa namna hiyohiyo hadi leo.

Hatari ilikuwepo. Anaxagoras alifundisha Athens kwamba jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko rasi ya Peloponnese, na kwamba mwezi hupata mwanga wake kutoka kwa jua. Alishtakiwa kwa kukufuru akaishia uhamishoni Lampsacus.

Na kuna kijitabu cha matabibu wa kundi la Hippocrates kuhusu kifafa, ugonjwa ambao watu waliuita mtakatifu. Mwandishi wake anasema haukuzidi magonjwa mengine kwa utakatifu: una chanzo cha kimaumbile, na chanzo hicho kiko kwenye ubongo. Anawashambulia waganga wanaotoza pesa kwa mazinguo, akidai wanaficha ujinga wao nyuma ya miungu. Kisha anasema mbuzi nao hupata ugonjwa huu. Mpasue mmoja kichwa, utakuta ubongo umejaa maji na unanuka. Maelezo yake kuhusu kamasi kuziba mishipa ni ya makosa. Swali lake, hata hivyo, bado lina kazi ya kufanya katika jamii nyingi, zetu zikiwemo.

Mbona hawakufanya majaribio?

Walifanya, machache. Empedocles alitumia chombo cha kutekea chenye matundu chini na shingo nyembamba juu: ukiziba shingo kwa kidole na kukizamisha, maji hayaingii. Kwa hiyo hewa ni kitu, haiko tupu. Erasistratus wa karne ya 3 KK alipendekeza kumfungia ndege ndani ya chombo bila chakula, kisha kumpima pamoja na kinyesi chake, kuonyesha kwamba kuna uzito unaotoka mwilini bila kuonekana. Ptolemy, mwanafalaki wa Alexandria wa karne ya 2 BK (si mmoja wa wafalme wa jina hilo), aliandika majedwali ya jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini.

Lakini kujaribu hakukuwa wajibu. Mfano mzuri ni hadithi ya Pythagoras na nyundo. Inasemekana alipita kwa wahunzi, akasikia nyundo zikitoa sauti zinazopatana, akazipima na kukuta uzito wao uko katika uwiano wa 2 kwa 1, 3 kwa 2 na 4 kwa 3. Uwiano huo ni kweli kwa urefu wa nyuzi za ala ya muziki. Kwa uzito wa nyundo ni uongo mtupu. Haifanyi kazi hivyo. Na bado hadithi hii ilinakiliwa na wasomi kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakati mhunzi yeyote angeweza kuikanusha asubuhi moja. Vincenzo Galilei, baba wa Galileo, alikuwa miongoni mwa walioipima hatimaye, katika karne ya 16.

Wengine husema sababu ni utumwa: muungwana hakutaka kuchafua mikono. Kuna ukweli kidogo hapo, ila Aristotle alipasua samaki wengi mno kwa mtu anayeogopa uchafu.

Atomu ya Democritus ndiyo atomu yetu?

Hapana. Leucippus na Democritus walifika huko kwa kutafuta njia ya kumkwepa Parmenides. Yeye alikuwa amedai kwamba kisichopo hakiwezi kuzaa kilichopo, kwa hiyo mabadiliko hayawezekani. Wakasema: kuna vijipande visivyogawanyika na kuna utupu, hakuna kinachozaliwa wala kufa, vijipande hukutana na kuachana tu. Ni jibu la kimantiki kwa tatizo la kimantiki. Hawakuwa na njia ya kupima hata kimoja, na wapinzani wao walikuwa na haki ya kuwauliza ushahidi. Ushahidi uliowanyamazisha wanasayansi wa mwisho waliokuwa na shaka ulikuja baada ya Einstein mwaka 1905 kueleza kwa hesabu jinsi chembe ndogo zinavyotikisika ndani ya maji, na Jean Perrin kuzipima miaka michache baadaye. Atomu hiyo, tena, inagawanyika.

Je, Aristotle aliichelewesha sayansi?

Shutuma hii ni ya uvivu kidogo. Ni kweli alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kulingana na uzito wake, kwamba moyo ndio kiti cha fahamu, na kwamba wanawake wana meno machache kuliko wanaume.

Ila msome akiwa ufukweni. Alikaa kisiwani Lesbos akichunguza viumbe wa ghuba ya Pyrrha, akawahoji wavuvi, akapasua. Aliandika juu ya aina ya papa ambaye mtoto wake huunganishwa na tumbo la mama kwa kitu kama kondo. Johannes Müller alithibitisha hilo mwaka 1842, zaidi ya miaka elfu mbili baadaye. Anaeleza pia jinsi ya kuchukua mayai ya kuku yanayoatamiwa na kuyavunja kwa siku tofauti: baada ya siku tatu moyo unaonekana, nukta ya damu inayodunda.

Tatizo halikuwa yeye, lilikuwa wanafunzi waliomgeuza kuwa msahafu. Tena si wote. Katika karne ya 6 BK, huko Alexandria, John Philoponus aliandika kwamba ukidondosha vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana kutoka kimo kimoja, tofauti ya muda wa kuanguka ni ndogo mno. Hiyo ni miaka elfu moja kabla ya Galileo.

Walijuaje kwamba dunia ni tufe, na ukubwa wake?

Aristotle alitoa ushahidi wa aina mbili. Kivuli cha dunia juu ya mwezi wakati wa kupatwa kina ukingo wa mviringo daima. Na ukisafiri kutoka Ugiriki hadi Misri unaona nyota za kusini ambazo kwenu hazichomozi.

Ukubwa ulikokotolewa na Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK. Huko Syene, Aswan ya leo, mchana wa siku ndefu kuliko zote jua lilikuwa utosini na vijiti havikuwa na kivuli. Alexandria, siku hiyohiyo, kivuli kilionyesha pembe ya sehemu 1 kwa 50 ya duara. Umbali kati ya miji ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, hivyo mzingo mzima ni 250,000. Urefu halisi wa stadia yake unabishaniwa. Ukichukua ile ya mita 185 unapata kilomita 46,250. Mzingo wa kweli ni karibu 40,000. Kwa kijiti na kivuli, si haba.

Sisi tunaoishi kati ya tropiki mbili tunalipata jua la utosini mara mbili kwa mwaka. Dar es Salaam ni siku za mwanzo za Machi na tena karibu na Oktoba 10. Mwenye rafiki Nairobi anaweza kurudia kazi ya Eratosthenes bila gharama: siku hiyo simika mti wima Dar, rafiki yako apime kivuli kwake saa ambapo ni kifupi kabisa, na mtafute umbali wa kaskazini hadi kusini kwenye ramani.

Je, kulikuwa na wanawake?

Wachache waliorekodiwa. Anayejulikana zaidi ni Hypatia wa Alexandria, mwalimu wa hisabati na falsafa, aliyeuawa na kundi la watu wenye ghasia mwaka 415 BK.

Walijua lolote kuhusu pwani yetu?

Ndiyo, ingawa kwa kuchelewa. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, lenye pembe za ndovu kwa wingi, ambako Waarabu wa Muza, bandari ya Yemen ya leo, walikuwa wameoa na kujua lugha ya wenyeji. Ptolemy, karne moja baadaye, aliiweka Rhapta kwenye jiografia yake pamoja na Milima ya Mwezi ambayo theluji yake, alisema, hulisha maziwa ya Nile. Mahali Rhapta ilipokuwa bado panatafutwa; delta ya Rufiji ni mojawapo ya sehemu zinazotajwa sana.

Maandishi yao yametufikiaje?

Kwa bahati na kwa mikono ya watu wengi. Sentensi pekee ya Anaximander tuliyonayo ilinukuliwa na Simplicius, mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, zaidi ya miaka elfu moja baada ya mwenyewe kufa. Vingi vilipotea kabisa.

Sehemu kubwa ya vilivyookoka vilipitia Baghdad. Enzi za khalifa al-Ma'mun na baada yake, watafsiri kama Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefariki 873, waliviweka vitabu vya tabibu Mgiriki Galen na wengine katika Kisiria na Kiarabu, wakilinganisha nakala kadhaa kabla ya kuanza. Ningependa tuache kusema Waarabu "walihifadhi" tu, kama watunza ghala. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha shaka dhidi ya Ptolemy, na al-Razi alifanya vivyo hivyo dhidi ya Galen. Baadaye Gerard wa Cremona, akiwa Toledo, alimaliza mwaka 1175 kuitafsiri kwa Kilatini kazi kuu ya Ptolemy kutoka Kiarabu. Mkondo mwingine ulishuka hadi kwetu: matabibu wa pwani wanapokuambia chakula hiki ni cha moto na kile cha baridi, nyuma yao yuko Galen, aliyepitia kwa Ibn Sina.

Aristarchus alisema dunia inalizunguka jua. Kwa nini hakusikilizwa?

Watu hupenda kujibu kwamba wenzake walikuwa wajinga au waoga. Sababu kubwa ilikuwa ya kisayansi. Kama dunia inazunguka jua, basi kati ya Januari na Julai tunahama umbali mkubwa mno, na nyota za karibu zinapaswa kuonekana zikisogea kidogo mbele ya zile za mbali. Walitazama, hawakuona kitu. Aristarchus alikuwa na jibu, ambalo Archimedes ametuhifadhia: nyota ziko mbali kiasi kwamba njia yote ya dunia ni kama nukta ukilinganisha na umbali huo. Wenzake waliliona hilo kuwa kisingizio, na mimi ningekuwepo ningewaunga mkono, kwa maana alikuwa akiomba ulimwengu upanuliwe mara elfu nyingi ili nadharia yake ipone. Hata Copernicus alipoirudisha hoja hiyo mwaka 1543 hakuwa na kipimo cha kuonyesha. Kipimo kilipatikana mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoona nyota inayoitwa 61 Cygni ikisogea kila upande kwa takriban theluthi moja ya sekunde ya pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600.